Sanduku la Maswali: Pleilisti Imefika Kwenye Simu, Nyimbo Hazimo

Barua za safari hii karibu zote zinalia kilio kimoja: nyimbo zilizopangwa vizuri kwenye kompyuta zinavurugika zikifika kwenye simu. Majina ya vitufe tumeyaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini, kwa kuwa simu na kompyuta nyingi za wasomaji wetu zimewekwa kwa Kiingereza.

SWALI: Habari zenu. Napiga muziki kwenye harusi na sendofu. Nimepanga nyimbo 86 kwenye laptopu kwa kutumia programu ya MusicBee, nikahifadhi pleilisti kama faili la M3U, kisha nikanakili folda ya nyimbo pamoja na faili hilo kwenye simu ya Android. Simu inaonyesha jina la pleilisti, lakini ndani imeandika nyimbo 0. Nyimbo zenyewe zipo, nikizitafuta moja moja zinapiga.
*Msomaji, Morogoro*

JIBU: Fungua hilo faili la M3U kwa Notepad. Si faili la muziki hata kidogo, ni maandishi matupu. Utakuta mistari ya namna hii:

#EXTM3U
#EXTINF:247,Kukata keki
D:\Muziki\Harusi\012 Kukata keki.mp3

Mstari wa kwanza unatambulisha faili. Wa pili unataja urefu wa wimbo kwa sekunde na jina la kuonyesha. Wa tatu ndio wenye kazi: ni anwani ya wimbo. Simu yako haina D:, na Android haitenganishi folda kwa mkwaju wa \ bali kwa /. Kwenye simu wimbo huo huo unakaa /storage/emulated/0/Music/Harusi/012 Kukata keki.mp3. Kwa hiyo simu imepewa anwani ya mtaa usiokuwepo. Imepiga hodi nyumba 86, zote hazipo, ikaandika 0.

Dawa ni kutoandika anwani nzima, bali kipande kinachoanzia pale lilipo faili la pleilisti. Faili likikaa ndani ya Music, na nyimbo ndani ya Music/Harusi, mstari unaotakiwa ni huu tu:

Harusi/012 Kukata keki.mp3

Fanya hivi. Nakili kwanza faili la M3U upate la akiba. Kwenye Notepad bonyeza Ctrl+H. Sehemu ya kutafuta andika D:\Muziki\ na sehemu ya kubadilisha usiandike kitu, kisha Replace All. Baada ya hapo tafuta \ ubadilishe iwe /. Usigeuze mpangilio huo. Ukianza kubadilisha mikwaju, D:\Muziki\ itakuwa imeshakuwa D:/Muziki/ na utafutaji wa pili hautaambulia chochote. Ukimaliza tafuta C: ndani ya faili. Karibu kila mtu ana nyimbo mbili tatu zilizobaki kwenye Downloads, na hizo hazikuguswa. Zihamishie kwenye folda ya Harusi na urekebishe mistari yake kwa mkono. Hifadhi, weka faili ndani ya Music ya simu, zima simu uiwashe ili isome upya, kisha fungua programu ya muziki na uingize pleilisti kutoka humo.

Programu unayotumia ina maana pia. YouTube Music inayokuja na simu nyingi inapiga nyimbo zilizomo kwenye simu lakini haisomi M3U. Poweramp, Musicolet na VLC zinasoma. Tangu Android 11 programu hairuhusiwi kuchungulia kila folda ya simu, kwa hiyo M3U iliyotupwa kwenye Documents au Download inaweza isionekane kamwe. Iweke Music.

Mitego mitatu zaidi kwa kazi yako. Mstari ukianza na alama ya #, mathalani «#1 Mdundiko.mp3» kwa wimbo uliokaa folda moja na pleilisti, unahesabiwa kuwa maelezo na wimbo unarukwa kimyakimya, badilisha jina la faili, au tanguliza ./ kwenye mstari. Pili, ukihifadhi pleilisti kwa VLC ya kompyuta unaweza kukuta file:/// mwanzoni na %20 mahali pa kila nafasi. Baadhi ya programu za simu haziielewi %20, irudishe kuwa nafasi ya kawaida. Tatu, na huu ndio unaoumiza ma-DJ usiku wa kazi: memori kadi. Kadi ina namba yake, na anwani inakuwa kama /storage/3461-6233/Music. Ukiifomati kadi au ukinunua nyingine, namba inabadilika na pleilisti zote zenye anwani ndefu zinakufa pamoja. Zenye anwani fupi tuliyoeleza hazijali.

Kama hutaki kurudia kazi ya Notepad kila wiki, unganisha simu ukiwa umefungua MusicBee, ingia kwenye mipangilio ya kifaa, na kwenye sehemu ya pleilisti chagua M3U yenye anwani fupi. Itakuandikia yenyewe.

SWALI: Nikichomeka simu kwenye kompyuta inachaji tu, haionekani popote. Nimebadilisha tundu la USB, hali ni ile ile.
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Ondoa kufuli ya skrini kwanza, maana simu iliyofungwa haionyeshi kitu. Telezesha kidole kutoka juu, gusa taarifa ya USB, kisha badilisha kutoka kuchaji kwenda File transfer. Android huanza na kuchaji kila unapochomeka.

Kama taarifa ya USB haitokei kabisa, mshuku waya. Nyaya nyingi za bei ya chini, hasa zinazokuja na pawabenki, zina nyuzi za umeme peke yake na hazina zile za data. Hakuna programu wala fundi atakayezitia. Tafuta waya mwingine.

Ikiwa kompyuta ni Mac, kosa si lako. Mac haielewi MTP, lugha ambayo Android hutumia kubadilishana mafaili. Weka OpenMTP, ni ya bure. Au acha waya kabisa: programu ya LocalSend inafanya kazi kwenye Android, iPhone, Windows na Mac mradi vifaa viwe kwenye mtandao mmoja, hata ukiwa ni hotspoti ya simu yenyewe. Mafaili yanapita kati ya vifaa bila kwenda intaneti, kwa hiyo bando haliliwi.

SWALI: Asalaam aleykum. Nina taarabu za Unguja na nyimbo za hapa Omani ambazo majina ya mafaili yake yako kwa herufi za Kiarabu. Kwenye simu, nyimbo zenye majina ya Kiswahili zinapiga, zenye ya Kiarabu zinarukwa zote. Nikifungua faili la M3U naona alama za ???? tu.
*Msomaji, Muscat*

JIBU: Waalaykum salaam. M3U ya kizamani huandikwa kwa seti ya herufi za Windows, na kwa kompyuta nyingi seti hiyo ni ya Ulaya Magharibi, namba 1252. Kiarabu hakimo. Kila herufi isiyokuwemo inaandikwa ?, na ikishaandikwa hivyo jina la awali limekwenda. Usipoteze muda kulifufua kutoka kwenye faili hilo. Rudi kwenye programu ya muziki ya kompyuta, ambako pleilisti bado ni nzima, uihifadhi upya ukichagua M3U8. Ni M3U ile ile, tofauti yake ni kwamba imeandikwa kwa UTF-8, na UTF-8 ina nafasi ya Kiarabu na kila mwandiko mwingine utakaokutana nao.

Wenye nyimbo za Kongo wana ugonjwa unaofanana na huu lakini wenye nafuu. Herufi é, è na ç zimo kwenye 1252, kwa hiyo kwenye kompyuta zinasomeka, ila simu inayotarajia UTF-8 inaziona takataka na kuukosa wimbo. Hapa hakuna kilichopotea. Fungua kwa Notepad, chagua Save As, na chini kwenye Encoding weka UTF-8.

Kuna chaguo mbili zinazofanana pale: UTF-8 na UTF-8 with BOM. Chukua ya kwanza. Hiyo ya pili inatia baiti tatu zisizoonekana mwanzoni mwa faili, na baadhi ya programu za simu zinazigandisha kwenye mstari wa kwanza. Kama mstari huo ni #EXTM3U madhara ni madogo. Kama ni wimbo, wimbo wa kwanza wa kila pleilisti utakuwa haupigi na hutajua kwa nini. Notepad ya Windows za kabla ya toleo 1903 la mwaka 2019 hutia baiti hizo bila kuuliza. Kwa kompyuta hizo tumia Notepad++.

SWALI: Nimenunua laptopu mpya. Nikichomeka iPhone, iTunes inasema simu imelandanishwa na maktaba nyingine na inaniuliza Erase and Sync. Nikikubali nini kitatokea? Laptopu ya zamani bado inawaka, ila inazima ovyo.
*Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Usikubali. Neno Erase limetumika kwa maana yake: nyimbo zote zilizopandishwa kwenye simu kutoka laptopu ya zamani zitafutwa na nafasi yake itachukuliwa na maktaba ya laptopu mpya, ambayo kwa sasa ni tupu. iPhone hukubali muziki wa maktaba moja kwa wakati mmoja. Lakini inachotambua ni maktaba, si kompyuta, na hapo ndipo pa kupenyea: ukihamisha maktaba yenyewe, simu haitajua kwamba laptopu imebadilika.

Wahi ile ya zamani kabla haijazima moja kwa moja. Fungua iTunes, nenda File, Library, Organize Library, weka alama kwenye Consolidate files. Hatua hii inakusanya nakala za nyimbo zote ndani ya folda ya iTunes Media. Ukiiruka, nyimbo zilizokuwa kwenye Desktop au flashi zitahama kwa majina tu, na kwenye laptopu mpya zitakuwa na alama ya mshangao. Funga iTunes, nakili folda nzima ya iTunes iliyomo ndani ya Music (humo kuna faili linaloitwa iTunes Library.itl, usiliache) kwenye diski ya nje, uipeleke ndani ya Music ya laptopu mpya. Kisha shikilia Shift huku ukifungua iTunes, bonyeza Choose Library, uielekeze kwenye folda hiyo. Ingia akaunti yako ya Apple, chagua Account, Authorizations, uiidhinishe kompyuta mpya. Idadi ya kompyuta zinazoruhusiwa ni 5, kwa hiyo ondoa idhini ya ile ya zamani ukimaliza.

Tahadhari moja: usiweke programu mpya ya Apple Music ya Windows kabla hujamaliza. Ukiiweka, iTunes inaacha kushughulikia muziki na kubaki na podikasti na vitabu vya sauti.

Wale ambao laptopu yao imeshakufa, nyimbo zilizonunuliwa iTunes Store zinapakuliwa tena kwa akaunti ile ile. Zilizotoka kwenye CD au kwa marafiki hazitolewi na iTunes kutoka kwenye simu. Zipo programu za kulipia kama iMazing zinazoweza kuzitoa. Zitoe kwanza, ndipo ufikirie kulandanisha.

SWALI: Nina Apple Music na nimewasha Sync Library. Nyimbo za kawaida kwenye pleilisti zinafika kwenye iPhone, lakini miksi za ma-DJ hazifiki. Kompyuta imeandika Ineligible.
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Sync Library hupandisha nyimbo zako kwenye intaneti ndipo zishuke kwenye simu, na faili linalozidi MB 200, au linalozidi saa 2, halipandishwi. Kwa miksi, ukubwa unakukamata kabla ya muda. Faili la MP3 la kbps 320 (kipimo cha ubora wa sauti) linakula MB 2.4 kwa dakika, hivyo dakika 84 zinatosha kuvuka MB 200. Miksi ya saa moja na nusu ina MB 216, imekwisha kukataliwa.

Ukiigeuza kuwa kbps 192, dakika moja inakula MB 1.44 na miksi ya saa 2 kasoro inafika MB 170 hivi, inapita. Ya saa tatu lazima uikate. Tumia Audacity: weka kishale pale unapotaka kukata, bonyeza Ctrl+B kuweka lebo, rudia, kisha utoe vipande vyote kwa mpigo kwa kufuata lebo. Kata penye badiliko la wimbo, si katikati ya chorasi. Vipe vipande namba za mfuatano kwenye tagi (maelezo yaliyomo ndani ya faili la wimbo), ili vipigwe kwa kufuatana.

Kuzima Sync Library ili upandishe kwa waya ni njia nyingine, na kwa mtu mwenye miksi nyingi ni nzuri zaidi. Jua tu kwamba ukiizima, nyimbo za Apple Music ulizopakua kwenye simu zinaondoka.

SWALI: Shikamooni. Naweka nyimbo kwenye flashi kutoka kompyuta, nimezipanga kwa pleilisti. Kwenye simu mpangilio ni ule ule, lakini kwenye redio ya gari na kwenye sabufa nyumbani zinapiga ovyo. Nikiongeza wimbo mpya unaingia katikati.
*Dereva, Mwanza*

JIBU: Marahaba. Redio nyingi za gari na karibu sabufa zote za bei ya kawaida hazisomi pleilisti. Nyingi hazipangi hata kwa alfabeti. Zinasoma jedwali la flashi kutoka juu kwenda chini, kwa mpangilio ambao mafaili yaliandikwa. Na ukifuta wimbo, nafasi yake kwenye jedwali inabaki wazi. Wimbo mpya unaokuja unakaa hapo. Ndiyo maana unaingia katikati.

Kwa hiyo mpangilio unaupata kwa kuandika flashi upya, kwa utaratibu. Tengeneza folda kwenye kompyuta, mathalani D:\Safari, nakili nyimbo humo, uzipe namba za tarakimu tatu mwanzoni mwa jina: 001, 002, 003. Ukiandika 1, 2, 3 kifaa kinachopanga kwa alfabeti kitapiga 1, kisha 10, kisha 11, ndipo 2. Kubadilisha majina mengi kwa haraka, chagua faili la kwanza, bonyeza F2, andika, halafu bonyeza Tab badala ya Enter. Utarukia faili linalofuata moja kwa moja. Nyimbo 60 hazizidi robo saa.

Fomati flashi kwa FAT32, mfumo wa kuhifadhi mafaili unaosomwa na vifaa vingi. Kuifuta tu haitoshi, jedwali la zamani linabaki na mashimo yake. Kisha fungua Command Prompt (dirisha la Windows la kuandikia amri) uandike, kama flashi ni E:

xcopy D:\Safari E:\Safari /I

Amri hii inanakili kwa mpangilio wa majina kama yalivyo kwenye diski ya kompyuta. Kuburuta kwa kipanya hakuaminiki, kwa sababu Windows huanza na faili uliloshika. Ukishaongeza nyimbo baadaye, programu ndogo ya DriveSort inaweza kupanga upya jedwali la flashi bila kunakili tena.

Flashi ya GB 64 na kuendelea mara nyingi huja na mfumo mwingine, exFAT, na sabufa nyingi hazioni kitu humo. Dirisha la kawaida la kufomati la Windows limezoeleka kukataa FAT32 juu ya GB 32. Programu ya Rufus inaweza, ingawa kwa redio ya gari sioni haja ya zaidi ya GB 32: kwa kbps 128, hiyo ni zaidi ya saa 500 za muziki.

SWALI: Nimeongeza nyimbo zangu mwenyewe kwenye pleilisti ya Spotify kwa kompyuta. Kwenye simu zinaonekana za kijivu, hazigusiki. Pia kuna pleilisti moja imepotea kabisa.
*Msomaji, Nairobi*

JIBU: Spotify haikupandisha nyimbo zako popote. Ilichoweka kwenye pleilisti ni maelezo ya wimbo: msanii, albamu, jina na urefu kwa sekunde. Simu inapewa maelezo hayo na kuambiwa itafute. Isipopata faili linalolingana, inaweka kijivu.

Ili nyimbo zivuke, kompyuta na simu ziwe kwenye akaunti moja na Wi-Fi moja, Spotify iwe wazi pande zote mbili, na kwenye mipangilio ya Spotify ya simu uwashe Local files. Kisha fungua pleilisti kwenye simu ubonyeze kupakua, ambako kunahitaji Premium. Zikikaa kijivu, angalia kama ukuta wa moto wa Windows umeizuia Spotify. Mara nyingi mtandao wa nyumbani umewekwa kuwa Public, ubadilishe uwe Private. Na usihariri tagi za faili baada ya kuliongeza kwenye pleilisti. Ukirekebisha jina la msanii, hata kwa herufi moja, maelezo ya zamani hayana mwenyewe tena. Rekebisha tagi kwanza, ongeza baadaye.

Kuhusu iliyopotea, thibitisha kwanza kwamba hujaingia kwa akaunti mbili tofauti, namba ya simu huku na barua pepe kule. Linganisha jina la mtumiaji kwenye vifaa vyote viwili. Kama ni akaunti moja na mtu ameifuta, ingia kwenye tovuti ya Spotify kwa kivinjari, ukurasa wa akaunti, sehemu ya kurejesha pleilisti. Una siku 90 tangu ilipofutwa.

SWALI: Nyimbo za kwaya tunatumiana kwa WhatsApp. Nikizipeleka kwenye kompyuta zote zinaitwa AUD na namba, siwezi kuzipanga. Na kwenye simu vois za watu zinajipenyeza kati ya nyimbo.
*Mwalimu wa kwaya, Mbeya*

JIBU: WhatsApp hubatiza upya kila wimbo unaotumwa kama audio: AUD-20240312-WA0007 ni tarehe na namba ya siku hiyo. Waambie wanakwaya watume kupitia Document, jina litabaki. Kwenye simu zenye Android 11 na kuendelea zilizokwisha kufika zimo Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Audio.

Tagi za ndani mara nyingi ni nzima. Fungua nyimbo kwa programu ya Mp3tag, zichague zote, bonyeza Alt+1, andika %artist% - %title% na majina yatarudi. Zilizorekodiwa kwa simu kanisani hazina tagi, hizo utaandika mwenyewe. Fanya kazi hii kabla ya kutengeneza pleilisti. Ukibadilisha majina baadaye, pleilisti itaendelea kutafuta AUD.

Vois zina majina yanayoanza na PTT na zinaishia .opus. Programu nyingi za muziki zina sehemu ya kuficha sauti fupi kuliko sekunde 30 au 60, na pia ya kutenga folda. Tenga folda ya WhatsApp Voice Notes, maana kuna watu vois zao zinashinda wimbo kwa urefu.

SWALI: CD zangu nilizinakili kwenye kompyuta zamani kwa Windows Media Player. Simu haizipigi.
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Programu hiyo ilikuwa ikinakili CD kwa muundo wa WMA usipochagua mwingine, na programu nyingi za simu haziufahamu. VLC ya Android inaupiga, ndiyo njia ya haraka. Kama CD bado unazo na hazina mikwaruzo, nakili upya kwa MP3 au FLAC. Kugeuza WMA kuwa MP3 kunapunguza ubora mara ya pili, na kwenye spika nzuri utasikia. WMA zilizotiwa kufuli ya hakimiliki hazigeuki kwa programu za kawaida za kugeuza, kama zilivyo M4P za iTunes zilizouzwa kabla ya 2009.

Ukishazigeuza, fungua pleilisti kwa Notepad, Ctrl+H, .wma iwe .mp3, la sivyo itaandika 0 kama ya mwenzako wa Morogoro.